Kilemba cha Wajir: rangi na hila za kampeni katika mchujo wa Marekani wa 2008

Waheshimiwa wazazi wangu mlioketi mbele, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa nyuma mpaka mlangoni: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mbinu za kampeni, kwa kuwa wengi wenu mmeshajiandikisha kufanya kazi hiyo mchujo wa vyama utakapofika. Nimeamua kuwasimulia mchujo wa watu wengine: ule wa chama cha Democratic cha Marekani, mwaka 2008, baina ya Seneta Hillary Clinton wa New York na Seneta Barack Obama wa Illinois. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake mna nguo yetu na mna neno letu, na vyote viwili viligeuzwa silaha.

Nianze na nguo. Agosti 2006 Obama alizuru Kenya akiwa seneta, akafika Wajir. Wazee wa Kisomali walimfanyia kama anavyofanyiwa kila mgeni wa heshima. Walimvika shuka jeupe na kilemba cheupe, naye akasimama akapigwa picha. Kwetu picha kama hiyo si habari. Nitajieni mwanasiasa yeyote wa nchi hii, nami nitawatajia siku aliyovikwa kofia ya manyoya, au aliyopewa usinga, au aliyotandazwa shuka begani mahali ambapo si kwao. Anayekataa kuvikwa ndiye anayezungumzwa.

Tarehe 25 Februari 2008, siku nane kabla ya kura za Texas na Ohio, picha ile ilitokea kwenye tovuti ya Drudge Report, na maelezo kwamba ilikuwa ikisambazwa na wafanyakazi wa kampeni ya Clinton. Wengine wakaona seneta aliyekaribishwa ugenini. Wengine, ambao miaka isiyofika saba kabla ya hapo walitazama minara miwili ya New York ikianguka, wakaona kilemba.

Kampeni ya Obama ikalalamika. Maggie Williams, aliyekuwa meneja wa kampeni ya Clinton, akajibu kwamba kama wenzao wanadhani vazi la kitamaduni la Kisomali ni jambo la kugawanya watu, basi wao ndio wa kuona haya. Hillary Clinton mwenyewe, alisema, amevaa mavazi ya nchi alizotembelea na picha zake zipo. Baadaye ikaelezwa kwamba kampeni yenye mamia ya wafanyakazi haiwezi kujua kila mmoja ametuma nini.

Lisikilizeni vizuri jibu lile. Halina neno la uongo hata moja. Ningeombwa nilitetee vazi la watu wa Wajir, ningesema hayo hayo. Lakini picha ilikuwa imeshafika, na kila aliyejibu, hata kwa ukweli, aliisukuma mbele zaidi. Mpaka leo hakuna aliyesimama akasema: ni mimi niliyeituma. Jambo hilo limenikaa kifuani miaka yote hii. Tumezoea kumtafuta mbaguzi, yule mtu mwenye chuki, kana kwamba tukimpata tumeimaliza kazi. Mimi nadai kwamba mchezo wa rangi katika kampeni hauhitaji mtu mwenye chuki. Mtu anayehesabu kura anatosha. Anaweza kuwa mwema, anaweza kuwa rafiki wa miaka mingi wa hao anaowaumiza, na anaweza hata kuwa mmoja wao.

Ili mnielewe, lazima tupitie South Carolina, na turudi nyuma kidogo.

Sisi tunaufahamu mchujo kama mlango wa kuingilia uchaguzi wenyewe. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, kwa miaka mingi, mchujo ndio uliokuwa uchaguzi. Chama cha Democratic hakikuwa na mpinzani huko. Aliyepita kwenye mchujo alikuwa amepita. Nasi tunazijua ngome za namna hiyo, hatuhitaji kuelezwa. Wakuu wa chama wakatumia hila moja safi sana: walisema chama ni klabu ya watu binafsi, na klabu huchagua wanachama wake. Mtu mweusi aliruhusiwa na katiba kupiga kura mwezi Novemba, wakati mambo yamekwisha, lakini mlango wa mchujo ulikuwa wa Wazungu peke yao. Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston, alilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mchujo wa Texas unavunja katiba.

South Carolina ilifanya nini? Gavana Olin Johnston aliliita bunge la jimbo haraka, na katika siku chache likafuta kila sheria iliyotaja mchujo, ili pasiwe na chochote cha serikali ndani yake na chama kibaki klabu kwelikweli. Mwaka 1946 George Elmore, mfanyabiashara mweusi wa Columbia, mji mkuu wa jimbo, alikwenda kupiga kura kwenye mchujo huo akakataliwa. Akashtaki. Mwaka 1947 Jaji Waties Waring, Mzungu wa Charleston, wa ukoo wa zamani wa mji ule, akaamua kwamba Elmore ana haki, na akaandika kuwa umefika wakati wa South Carolina kujiunga tena na Muungano wa Marekani. Elmore alipoteza biashara yake. Waring alitengwa na watu wa mji wake mpaka akahamia New York. Lakini Agosti 1948 maelfu ya watu weusi walipanga foleni wakapiga kura katika mchujo wa jimbo lile.

Kutoka foleni ile mpaka Januari 2008 ni miaka 60 kasoro miezi. Bibi aliyekuwa na miaka 25 siku ile angeweza kuwa hai, akampigia Obama. Ndiyo maana nakasirika mtu akisema kwamba kuzungumza rangi katika mchujo wa Marekani ni kuchokonoa yaliyokwisha.

Na msidhani ni Democratic peke yao. Mwaka 2000, katika mchujo wa Republican, John McCain alimshinda George W. Bush huko New Hampshire, na kituo kikubwa kilichofuata kilikuwa South Carolina. McCain na mkewe walikuwa na binti waliyemwasili kutoka Bangladesh, mwenye ngozi ya kahawia. Katika majuma yale ulizagaa uvumi kwamba McCain amezaa mtoto mweusi nje ya ndoa. Vijikaratasi vilitembea, na watu walipigiwa simu zilizojifanya za kukusanya maoni, zenye swali lililotegwa ndani yake. McCain alishindwa. Wahusika hawakujulikana, na Bush alisema hahusiki. McCain mwenyewe, ili apendeze, alikuwa amekwepakwepa juu ya bendera ya Kusini ya zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyopepea juu ya bunge la Columbia. Baada ya uchaguzi alirudi kule akakiri kwamba hakusema kweli, na akaomba radhi. Namheshimu kwa hilo. Wachache hurudi.

Sasa tuje 2008.

Mwaka 2007 ulipokuwa ukiisha, watu weusi wengi wa South Carolina hawakuwa na Obama. Walikuwa na Clinton. Walimpenda Bill, mumewe, tangu alipokuwa rais, na walikuwa na shaka ya watu waliokwisha kuumwa na nyoka: Mzungu akiwa peke yake na karatasi ya kura, atampigia mtu huyu kweli? Jibu lilitoka Iowa tarehe 3 Januari 2008. Katika jimbo ambalo zaidi ya watu tisa kati ya kumi ni weupe, Obama alipata asilimia 37 na ushei. John Edwards na Hillary Clinton walibaki nyuma wakikaribiana, Clinton akiwa wa tatu. Shaka ikavunjika usiku mmoja.

Wale mlio watu wazima mnaikumbuka wiki ile kwa sababu nyingine. Matokeo yetu yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na nchi ilikuwa inaungua. Shule zilichelewa kufunguliwa. Nilikuwa nyumbani hapa Mombasa na redio moja, nikisikiliza habari za Eldoret na Kisumu, kisha za Des Moines, Iowa, katika taarifa hiyo hiyo. Obama mwenyewe, akiwa New Hampshire katikati ya kampeni, alimpigia simu Raila Odinga tarehe 7 Januari kuhimiza mazungumzo. Nililia siku zile, na sitaficha kwamba machozi yangu hayakuwa ya aina moja.

Mpinzani wako akishinda kwa kuonekana ni wa watu wote, utafanyaje? Hesabu inakwambia jambo moja: mfanye asionekane wa watu wote. Rangi isipotajwa, yeye ni mgombea. Rangi ikitajwa, hata kwa wema, hata kwa sifa, anakuwa mgombea wa watu weusi, na watu weusi ni wachache katika hesabu ya nchi nzima. Si lazima uwe na ubaya moyoni kuijua hesabu hiyo.

Kwa hiyo Januari ile maneno yalianza kuanguka, moja baada ya jingine. Hillary Clinton alisema ndoto ya Dkt. Martin Luther King ilianza kutimia pale Rais Lyndon Johnson alipopitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na kwamba ilihitajika rais ili jambo litendeke. Mimi sioni ubaguzi katika kauli hii. Ni historia, ingawa ni nusu ya historia, na alikuwa akijipigia debe la uzoefu. Kabla ya hapo, Desemba, mmoja wa viongozi wa kampeni yake huko New Hampshire alikuwa amejiuzulu baada ya kuzungumza na waandishi juu ya dawa za kulevya ambazo Obama alikiri kuzitumia ujanani. Tarehe 13 Januari, jijini Columbia, Robert Johnson, tajiri mweusi mwanzilishi wa televisheni ya BET, akiwa jukwaani pamoja na Hillary Clinton, aligusia kitu ambacho Obama alikuwa akikifanya mtaani ambacho yeye hatakitaja. Akasema baadaye alikuwa na maana ya kazi ya kuhamasisha jamii. Hakuna aliyeamini, na mwishowe akaomba radhi. Angalieni: huyu ni mtu mweusi, mbele ya watu weusi. Hila ya rangi haichagui mbebaji.

Na upande wa pili haukuwa wa malaika. Mfanyakazi wa kampeni ya Obama huko South Carolina aliandaa waraka wa kurasa kadhaa, akayapanga matamshi ya upande wa Clinton moja moja, ili waandishi wayaone kama mnyororo. Waraka ukavuja. Katika mdahalo wa Las Vegas tarehe 15 Januari Obama aliulizwa, akasema watu wake walivuka mpaka. Kulalamika juu ya rangi nako kulikuwa na faida ya kura South Carolina, na wapo walioipiga hesabu hiyo pia. Wala Hillary Clinton hakuwa akipita kwenye zulia. Siku moja kabla ya kura za New Hampshire wanaume walisimama katika mkutano wake wakimpigia kelele kwamba awapigie pasi mashati yao. Mwanamke wa kwanza kufika mbali vile, na hayo ndiyo aliyoyasikia. Nayasema haya kwa sababu nawaona dada zangu hapa mnaotaka kugombea, na najua mtatukanwa.

Tarehe 26 Januari South Carolina ikapiga kura. Obama akapata asilimia 55, Clinton 27, Edwards 18. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura walikuwa weusi, na karibu wanane katika kila kumi kati yao walikuwa na Obama. Lakini pia kiasi cha robo ya Wazungu walimpigia. Siku hiyo hiyo Bill Clinton aliulizwa na mwandishi swali ambalo halikumhusu Jesse Jackson, mchungaji mweusi aliyewahi kugombea mchujo huo, hata kidogo. Akajibu: “Jesse Jackson alishinda South Carolina mwaka 84 na 88. Jackson aliendesha kampeni nzuri. Na Obama ameendesha kampeni nzuri hapa.”

Waswahili tuna jina la sifa za namna hii: kilemba cha ukoka. Kila neno ni la sifa. Jackson kweli alishinda, mara zote mbili. Lakini Jackson hakuwa rais. Maana iliyobaki sikioni ni kwamba hili ni jimbo la weusi, wanampa mtu wao, kisha maisha yanaendelea. Iowa ikafutwa. Robo ya Wazungu ikafutwa. Na aliyesema si mtu wa mtaani mwenye chuki. Ni rais wa zamani aliyepigiwa kura na watu weusi mara mbili, aliyeimba nao makanisani, na ofisi yake ya baada ya urais ilikuwa Harlem.

James Clyburn, mbunge mweusi mwenye heshima kubwa kuliko wote South Carolina, alikuwa amekwisha kumwonya hadharani apunguze makali. John Lewis, aliyevunjwa fuvu la kichwa na polisi wa Alabama pale daraja la Selma mwaka 1965 na aliyekuwa upande wa Clinton, alihamia kwa Obama mwezi Februari. Katika kabati la mtu yeyote wa siasa, imani ya watu kama hawa ndiyo nguo ya thamani kuliko zote. Ilichanika kwa sentensi tatu.

Sasa lile neno letu. Neno ni madrasa.

Mimi nimesoma madrasa, au chuoni kama tulivyopaita zamani hapa pwani. Nilikaa juu ya mkeka, nikajifunza alifu na be, nikachapwa kwa kuchelewa, nikapewa kashata siku ya Maulidi. Januari 2007, kabla Obama hajatangaza rasmi kwamba anagombea, jarida la Insight liliandika kwamba utotoni Indonesia alisoma madrasa, na likadai habari hiyo imechimbuliwa na watu wa Clinton. Wao walikana. CNN ilimtuma mwandishi mpaka Jakarta, akakuta shule ya kawaida ya serikali, watoto wa dini zote. Haikusaidia. Barua pepe ziliendelea kuzunguka, mwaka mzima, kwamba mtu huyu ni Mwislamu wa siri. Desemba 2007 wafanyakazi wawili wa kujitolea wa kampeni ya Clinton huko Iowa waliondolewa kwa kuzisambaza.

Tarehe 2 Machi 2008, siku mbili kabla ya Texas na Ohio, Hillary Clinton aliulizwa katika kipindi cha televisheni kama anaamini Obama ni Mwislamu. Alisema hapana, hakuna msingi wowote wa kusema hivyo. Alisema anamwonea huruma kwa sababu naye amesingiziwa mengi. Yote mazuri. Lakini ndani yake aliweka maneno machache: kwa kadiri ninavyojua. Labda yalimtoka bila kukusudia, mwisho wa siku ndefu. Nampa nafasi hiyo. Ila mwanasheria aliyesoma Yale, kama yeye, anaujua uzito wa maneno hayo kuliko mimi na nyinyi.

Kilichoniuma zaidi, na hapa nazungumza kama Mwislamu na mzee, si uvumi. Ni namna ya kuukanusha. Kila siku: hapana, si Mwislamu, ni Mkristo, jamani msimtukane. Kana kwamba amesingiziwa wizi. Marafiki zake walikanusha hivyo, na kampeni yake ilikanusha hivyo. Ukweli wake ulikuwa ukweli. Mtu ni Mkristo, aseme ni Mkristo. Lakini hakuna aliyeuliza: na angekuwa? Tulingoja mpaka tarehe 19 Oktoba ndipo Colin Powell, jenerali wa Republican, alipouliza kwenye televisheni kama kuna ubaya wowote kuwa Mwislamu katika nchi ile. Na mwezi Juni, Obama akiwa ameshashinda mchujo, wanawake wawili waliovaa hijabu walizuiwa na watu wa kujitolea kuketi nyuma yake katika mkutano wa Detroit, wasije wakaingia kwenye picha. Obama aliwaomba radhi yeye mwenyewe. Fitina ilikuwa imefika ndani ya nyumba ya aliyesingiziwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuna waraka mmoja ambao kila mmoja wenu anayetaka kazi ya mikakati anapaswa kuufahamu. Mark Penn, mkuu wa mikakati wa Clinton, aliuandika Machi 2007. Ulitoka hadharani mwaka 2008, mchujo ukiwa umekwisha, katika jarida la The Atlantic. Aliandika kwamba malezi ya Obama, Indonesia na Hawaii, yanaonyesha mizizi yake katika maadili ya Kimarekani ni mifupi. Hakushauri kumshambulia kwa hayo. Alishauri kinyume: tusiseme chochote juu ya asili yake, bali sisi tulishike neno “Marekani” katika kila hotuba, kila mpango, kila bendera. Hillary Clinton hakuufuata wote, na hilo lihesabiwe upande wake. Lakini tazameni ufundi wake. Unamsifu mwenyeji mpaka mgeni ajulikane bila kutajwa.

Tunazo hizo kwetu. Mwaka 2007 huko Bonde la Ufa watu waliambiwa waondoe madoadoa, yaani majirani wa makabila mengine. Mtoto wa darasa la kwanza anajua doa ni nini, na aliyesema alikuwa na pa kukimbilia: nilizungumzia nguo tu. Marekani maneno yao yaliharibu sifa na urafiki. Yetu yaliua watu zaidi ya 1,000 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Siwezi kuyaweka kwenye mizani moja, wala sitaki. Nasema tu kwamba mikono iliyoyatengeneza ilifanya kazi kwa hesabu ile ile.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Machi, Geraldine Ferraro, mwanamke wa kwanza kugombea umakamu wa rais kwa tiketi ya chama kikubwa, alisema kama Obama angekuwa mzungu asingekuwa pale alipo, akajiuzulu kutoka kamati ya fedha ya Clinton. Zikaja video za mahubiri makali ya Mchungaji Jeremiah Wright wa kanisa la Obama, na tarehe 18 Machi Obama akasimama Philadelphia akazungumza juu ya rangi waziwazi, akamtaja bibi yake mzungu aliyempenda na ambaye aliwahi kukiri kuwaogopa wanaume weusi wanaopita njiani. Alisema hawezi kumkana mchungaji. Wiki sita baadaye, Wright alipozidi kusema, alimkana. Mei, Hillary Clinton akaliambia gazeti kwamba Wamarekani wachapakazi, Wamarekani weupe, wanaanza kumwacha mpinzani wake. Charles Rangel wa New York, mbunge mweusi aliyekuwa upande wake, alisema wazi kuwa ni upumbavu. Sitaki kuamini kwamba mama yule alidhani weusi si wachapakazi. Alikuwa anasoma takwimu kwa sauti.

Siku chache baadaye alishinda West Virginia, jimbo ambalo karibu wote ni Wazungu, kwa asilimia 67 dhidi ya 26. Kwa hiyo msiniambie hila za rangi hazizai matunda. Huzaa. Lakini hesabu ya wajumbe, wale wanaomteua mgombea katika mkutano mkuu wa chama, ilikuwa imeshafungwa, na hapa ndipo ninapotaka kuwafikisha.

Chama cha Democratic hakimpi mshindi wa jimbo wajumbe wote. Huwagawa kwa kiwango cha kura, mradi mgombea amefikisha asilimia 15. Kama mshindi angetwaa wote, California, New York, New Jersey, Ohio na Pennsylvania zote zingekuwa za Hillary Clinton, na huenda tungekuwa tunasimulia kisa kingine. Kwa mgao, Obama aliposhinda Idaho, jimbo la watu wachache, aliongeza wajumbe 12 juu ya Clinton; Clinton alipoishinda New Jersey nzima aliongeza 11. Zote mbili zilikuwa siku moja, tarehe 5 Februari. Kwa njia hiyo, tone kwa tone, mchujo ulikwisha tarehe 3 Juni, kila mmoja akiwa na kura milioni 17 au 18 hivi.

Kanuni hizo zilitoka wapi? Mwaka 1984 mgombea mmoja alipata karibu asilimia 18 ya kura za mchujo, lakini wajumbe aliopewa hawakufikia kiwango hicho, kwa sababu majimbo mengi yalimwongezea mshindi. Mwaka 1988 akarudi, akapata kura karibu milioni 7 na zaidi ya wajumbe 1,000, na bado akashindwa. Ila safari hii hakuondoka Atlanta, kwenye mkutano mkuu wa chama, mikono mitupu. Aliwakalisha wakuu wa chama mezani, akadai bakshishi ya washindi ifutwe na wajumbe wagawanywe kwa haki kila jimbo. Wakakubali, labda kwa kudhani ni jambo dogo la kumtuliza.

Mtu huyo ni Jesse Jackson, mzaliwa wa Greenville, South Carolina. Ndiye yule ambaye jina lake lilitajwa pale Columbia ili ushindi wa Obama uonekane mdogo. Usiku wa tarehe 4 Novemba 2008 kamera zilimkuta katika umati wa Grant Park, Chicago, amesimama kama watu wengine wote, machozi yakimtiririka.